Kitabu Kimoja, Nyumba Nzima

Mhadhara uliotolewa Gatsata, Kigali, mbele ya wakutubi, walimu na wasomaji

 

Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo kila mtu wa maktaba huifanya na wachache huiwazia: kumpendekezea mtu kitabu. Msomaji anasimama mbele ya meza, anazungusha macho kwenye rafu, kisha anauliza, "Nisome nini?" Katika maktaba nyingi duniani swali hilo limeandaliwa jibu mapema. Wafanyakazi huchagua vitabu walivyovipenda, huvipanga karibu na mlango, na chini ya kila kimoja hubandika kikaratasi chenye jina la aliyekichagua na mistari miwili ya sababu zake. Vya watoto wadogo huwekwa huku, vya wanafunzi kule, vya vijana pembeni, vya watu wazima juu, vya wazee mahali penye mwanga.

Ni desturi nzuri na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Ila hapa Gatsata, na katika sehemu kubwa ya Kigali, kuvigawa vitabu kwa umri kutatupoteza. Ninachoomba ni kwamba tuchague kwa nyumba. Kitabu tunachokitanguliza kiwe kile ambacho mtoto anaweza kukisoma kwa sauti, baba akasikiliza huku anavua viatu, na bibi akakatiza ili aseme kwamba hadithi hiyo yeye aliisikia vingine.

Chukueni nyumba yoyote iliyoko kwenye mteremko huu. Bibi alisoma miaka michache ya shule, akatoka na Kinyarwanda cha kusoma Biblia na Kifaransa cha kusalimia. Mwanawe alikulia ukimbizini Uganda, akarudi baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 na Kiingereza. Mkewe alilelewa Bukavu au Kigoma, naye alikuja na Kiswahili. Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, kwa hiyo kaka mkubwa aliyeanza shule kabla ya hapo na mdogo wake aliyeanza baadaye wametoka na madaftari ya lugha mbili tofauti. Mwaka 2017 Kiswahili nacho kikafanywa lugha rasmi, cha nne baada ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Watu watano wanakula sinia moja, na kila mmoja ana mlango wake wa kuingilia kitabuni.

Sasa tazameni kinachotokea tunapompa mtoto wa miaka tisa kitabu cha Kiingereza kilichoandikwa nyuma kwamba ni cha miaka minane hadi kumi. Mtoto anakipeleka nyumbani, anakisoma peke yake kitandani, anakirudisha Jumamosi. Tumemhudumia mmoja. Baba alikiona mezani, akasoma kile kipimo cha umri kwenye jalada, akajua hakikuwa chake. Bibi hata hakuulizwa. Kwa mtu mzima aliyejifunza kusoma ukubwani kipimo hicho kinaumiza zaidi. Fundi aliyeacha shule darasa la nne, mwenye miaka arobaini, anayeweza kuishusha gia ya lori na kuirudisha bila kuuliza mtu, akija maktaba tunampa kitabu cha bata na vifaranga kwa sababu maneno yake ni mepesi. Hatarudi, na ana haki.

Gatsata inajulikana kwa gereji na spea. Ukishuka kuelekea Nyabugogo asubuhi, lugha unayoisikia chini ya magari ni Kinyarwanda kilichochanganyika na Kiswahili, na vyombo vya kazi vinaitwa kwa Kiswahili: spana, jeki, bisibisi. Magari ya mizigo yanayotoka Mombasa kupitia Kampala na mpaka wa Gatuna huteremka kwa barabara hii hii. Mabasi ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam yanaondokea stendi ya Nyabugogo, iliyo ng'ambo ya mto. Kiswahili hapa hakikuletwa na sheria ya 2017. Kilikuwapo tangu enzi za wafanyabiashara na askari wa Wajerumani, kikakaa Biryogo na Nyamirambo, kikateremka na mafundi hadi hapa bondeni. Kwa miaka mingi kilidharauliwa kama lugha ya mtaani. Kwa hiyo tuna watu wengi wanaokizungumza kila siku ambao hawajawahi kushika kitabu chake hata kimoja. Kwangu mimi hiyo ndiyo nafasi kubwa kuliko zote tulizonazo, na ndiyo maana vitabu vingi nitakavyovitaja leo ni vya Kiswahili.

Mwaka 1931 mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras huko India, S. R. Ranganathan, aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kukabidhiwa maktaba, alichapisha kanuni tano za kazi yetu ambazo hadi leo zinafundishwa. Mbili kati ya hizo zinahusu jambo la leo: kwamba kila msomaji ana kitabu chake, na kwamba kila kitabu nacho kina msomaji wake. Wengi huishika ile ya kwanza. Ya pili ndiyo inayonigusa, kwa sababu inamtwisha mkutubi wajibu mbele ya kitabu chenyewe. Kitabu kilicholala kwenye rafu miaka sita bila kuguswa kina mtu wake mahali fulani hapa mtaani, na sisi ndio wa kumtafuta.

Tunamtafuta vipi? Fundi mzuri hafungui injini kabla ya kuisikiliza, na mkutubi naye asikilize kabla hajanyoosha mkono kwenye rafu. Maswali yenyewe ni ya kawaida kabisa. Nyumbani kwenu jioni mnakaa pamoja? Nani husoma vizuri kuliko wote, na kwa lugha gani? Nani hapendi kabisa kusoma lakini hupenda kusikiliza? Ni hadithi gani uliyosimuliwa ukiwa mdogo ambayo hujaisahau? Swali la mwisho hunipa majibu mengi kuliko maswali mengine yote. Mtu anayeona haya kusema hajawahi kumaliza kitabu haoni haya kusimulia habari za sungura Bakame aliyemlaghai fisi Warupyisi. Akishamaliza kusimulia, umeshajua kama anapenda ujanja, au vitisho, au haki kutendeka mwishoni, na kitabu unacho.

Lakini pia lazima uwe umekisoma. Hapa nasema kwa ukali kidogo na mnivumilie. Maktaba nyingi za Afrika Mashariki zimejazwa vitabu vya msaada vilivyofika kwa makontena, na orodha za mapendekezo zikanakiliwa kutoka nchi zilikotoka. Mfanyakazi anabandika jina lake chini ya kitabu ambacho hajafungua ukurasa wake wa pili. Msomaji hulijua jambo hilo upesi sana. Akiuliza, "Inakuwaje mwishoni?" ukababaika, hatakuuliza tena. Afadhali rafu ya mapendekezo yenye vitabu vinne ambavyo mlinzi, msafishaji, mkutubi na mwanafunzi wa mafunzo wamevisoma kweli, kila mmoja chake, kuliko yenye vitabu arobaini vya kupambia mlango. Ndiyo, nimemtaja mlinzi na msafishaji. Wanakaa maktaba saa nyingi kutuzidi, na mtu wa mtaani akiingia mara ya kwanza, huwauliza wao kabla ya kutufikia sisi.

Basi na mimi nitoe vyangu.

Cha kwanza ni *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotoka 1951. Najua walimu watasema ni cha sekondari, na lugha yake ni nzito. Sikiliza jinsi kilivyojengwa, mwalimu wangu. Ni nchi iliyo angani. Mtu aitwaye Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliowahi kutumwa pande zote, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema ya kuifaa nchi yao, wakatupwa gerezani. Kila siku ya kesi ana mjumbe wa kumsimulia. Maana yake kitabu kimejigawa chenyewe katika jioni. Nyumba inasoma mjumbe mmoja leo, mwingine kesho, na baada ya wiki moja kimekwisha. Mtoto anafuata safari na maajabu ya nchi za mbali. Baba anafuata kesi, na hakuna Mnyarwanda asiyejua kusikiliza kesi, kwa sababu amekaa kwenye majani akiwasikiliza wazee wakiamua mambo ya jirani. Maneno magumu yapo. Andikeni maana zake kwa penseli pembeni na mwache msomaji aendelee.

Cha pili ni cha mafundi. *Kuli*, riwaya ya Adam Shafi, ilichapishwa 1979. Ni habari ya Rashidi, kijana wa familia ya wachukuzi wa bandari ya Unguja, ya mizigo iliyowavunja watu migongo, ya ujira usiotosha, na ya jinsi makuli walivyofikia kuungana na kugoma. Mgomo wenyewe ulitokea kweli, mwaka 1948, na uliutikisa mji mzima wa Zanzibar. Sijui kitabu kingine cha Kiswahili kinachoeleza kazi ya mwili kwa uaminifu kama hiki: jasho, kamba, winchi, msimamizi anayepiga kelele, mwenzako akiumia ukaambiwa uendelee. Mtu aliyelala chini ya gari tangu saa moja asubuhi hahitaji kuelezwa ukurasa wa kwanza unahusu nini. Mpeni bila maelezo. Mkiweza, msimpe maktabani; mpelekeeni gereji wakati wa chakula cha mchana, asome mmoja na wengine wale. Lugha ni Kiswahili cha Unguja, na fundi wa hapa atakwama kwenye maneno mengine, lakini kazi atakuwa ameielewa, na kazi itamvusha.

Kwa vijana ninapendekeza *Siku Njema* ya Ken Walibora, ya 1996, iliyosomwa na wanafunzi wengi wa Kenya. Kijana Kongowea anaondoka Tanga baada ya kufiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu, anavuka mpaka na kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Nawaambia wazi sababu yangu ya kukichagua. Katika nchi hii nyumba nyingi zina mtu anayetafutwa, au aliyetafutwa hadi watu wakachoka. Kijana wa Gatsata anaweza kusoma juu ya kumtafuta mzazi bila kulazimishwa kusoma habari za 1994, na mama yake aliyeketi karibu naye anaweza kunyamaza au kusema neno, apendavyo.

Jambo hilo linanifikisha kwenye rafu ambayo wakutubi wa nchi nyingine hawana, nami nitakaa hapa kwa muda.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yana vitabu vyake, na vingine ni miongoni mwa vitabu bora vilivyoandikwa Afrika katika miaka hii. Mwaka 1998 waandishi wa Kiafrika kutoka nchi mbalimbali walikuja hapa ili waandike kwa ajili ya kumbukumbu. Kati ya kazi zilizotokana na safari hiyo ni *Murambi, le livre des ossements* cha Msenegali Boubacar Boris Diop na *L'Ombre d'Imana* cha Véronique Tadjo, vyote vya mwaka 2000. Scholastique Mukasonga, aliyepoteza jamaa zake 37, ameandika kitabu baada ya kitabu tangu 2006, na riwaya yake *Notre-Dame du Nil* ilipata tuzo ya Renaudot mwaka 2012. Mkutubi anafanya nini na rafu hii? Je, ifikapo tarehe 7 Aprili, siku ya kumbukumbu, aipange mlangoni, kwa nia njema kabisa, kila anayeingia aione?

Mimi nasema hapana. Anayeingia kuazima kitabu cha hesabu cha mwanawe anaweza kuwa ndiye aliyenusurika. Anaweza kuwa mtoto wa aliyeua, na hajaambiwa. Vitabu hivi vikae mahali panapojulikana, panapofikika, penye kiti karibu, na msomaji avifuate kwa miguu yake mwenyewe. Akikuuliza, uwe umevisoma mpaka mwisho ili uweze kumwambia mambo matatu: kitabu kinahusu nini, sehemu nzito iko wapi, na kwamba ana ruhusa ya kukifunga na kukirudisha bila kueleza. Kumpendekezea mtu kitabu cha aina hii maana yake ni kukubali kuwa karibu atakapokirudisha. Mkutubi ambaye siku hiyo hana nafasi ya kukaa na mtu, asimpe.

Hata hivyo kipo kimoja ambacho nakipendekeza kwa nyumba nzima, nacho ni *La femme aux pieds nus* cha Mukasonga, cha 2008. Amemwandikia mama yake, Stefania, aliyeuawa. Lakini kurasa zake nyingi zinakaa Nyamata, kwenye nyumba za Watutsi waliohamishiwa Bugesera, na zinaeleza mtama unavyolimwa na kuvunwa, mabinti wanavyotafutiwa wachumba, dawa za mitishamba, nyumba ilivyojengwa na mama asiyetaka watoto wake wapoteze njia za kwao. Bibi wa hapa anazijua kazi hizo kwa mikono. Kwa hiyo katika nyumba yenye Kifaransa, shangazi anasoma sura ya mtama kimya, kisha anawasimulia kwa Kinyarwanda, na bibi anasahihisha. Mwisho wa Stefania hausomwi siku hiyo. Utasomwa siku ambayo watoto watauliza wenyewe.

Na kwa vijana wakubwa kipo *Petit Pays* cha Gaël Faye, cha 2016, habari ya mvulana wa Bujumbura ambaye vita vinabisha hodi kwenye kijia cha nyumbani kwao. Kilitunukiwa tuzo inayoamuliwa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa, Goncourt des lycéens. Naona vizuri kulitaja hilo kwa sababu vijana wa miaka kumi na saba wanasoma vitabu vyote vilivyopendekezwa, wanabishana darasani, kisha wanaiambia nchi yao kipi ni bora. Hakuna kinachotuzuia kuwapa vijana wa Gatsata uamuzi kama huo juu ya rafu yetu, kwa vitabu vitano tu, na kuheshimu watakachosema hata kama kitatukera.

Tuvuke upesi kwenye vitabu ambavyo baadhi yetu huvionea aibu. Riwaya za dukani za upelelezi na za mapenzi zina kazi yake. Muhammed Said Abdulla aliwapa Waswahili mpelelezi Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichoshinda mashindano ya uandishi na kuchapishwa 1960. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona*, 1974, na vijana wa Tanzania wa enzi hizo walikuwa wakipokezana kitabu hicho hadi jalada linatoka. Motari wa pikipiki anayesubiri abiria Nyabugogo ana dakika kumi hapa, kumi pale. Kitabu chenye sura fupi na mtu anayekimbizwa kinamfaa kuliko falsafa. Mpeni Musiba leo. Akishazoea kumaliza kitabu, *Kuli* kitamkuta yuko tayari.

*Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, nawaachia wazazi kwanza. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa sababu inasema wazi yanayompata msichana aliyelelewa kwa fimbo na kufungiwa. Baba mwenye mabinti aisome peke yake usiku mmoja, aone Zakaria, baba wa Rosa, alivyowalea mabinti wake, kisha aamue kama atampa bintiye. Wengi watampa.

Na wazee? Kosa tulifanyalo ni kudhani mzee anataka kitabu chenye herufi kubwa na habari za afya. Wazee wa hapa wanataka kubishana na kitabu. Wawekeeni *Ibirari by'insigamigani*, vinavyoeleza chanzo cha misemo ya Kinyarwanda, nani alifanya nini, kwenye kilima gani, hata jina lake likageuka msemo. Mzee atakayesikia kilima cha kwao kimetajwa vibaya hatalala. Na wawekeeni *Indyohesha-birayi* ya Padri Alexis Kagame, ya 1949. Huyu ndiye mwanafalsafa aliyeandika juu ya fikra za Wanyarwanda kuhusu kuwapo, msomi mkubwa. Lakini katika utenzi huu alichukua heshima yote ya mashairi ya kusifu ng'ombe akaipa nguruwe. Wasomeeni kwa sauti mkiwa na watoto. Mtoto anacheka kwa sababu ya nguruwe. Mzee anacheka kwa sababu anayajua mashairi ya ng'ombe yanayochezewa, na mtoto akimwuliza anacheka nini, ataimba la ng'ombe lenyewe. Hiyo jioni haitokani na kitabu chochote kilichoandikwa "miaka minane hadi kumi."

Kwa wadogo kabisa tuna bahati ambayo nchi nyingi jirani hazina. Mwaka 1995, wakati nchi ilikuwa bado majivu, Agnès Gyr-Ukunda alianzisha Éditions Bakame hapa Kigali ili watoto wapate vitabu kwa Kinyarwanda, na mwaka 2008 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya IBBY-Asahi ya kukuza usomaji. Bakame mwenyewe ni sungura, na sungura ndiye mjanja wa hadithi za Waswahili pia. Kiwekeni kitabu cha Bakame pamoja na kitabu cha Kiswahili cha sungura na fisi, bega kwa bega, na mviazimishe vyote viwili kwa pamoja. Mama wa Kigoma asome cha kwao, bibi asome cha kwake, na mtoto ahukumu sungura gani ni mwongo zaidi. Kwa njia hiyo hiyo *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, ina wanyama kwa mtoto na ina siasa kwa baba, na hakuna anayelazimika kumtafsiria mwenzake.

Mtaniuliza: vitabu hivi vitamfikiaje mtu asiyekuja maktaba? Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyofunguliwa Kacyiru mwaka 2012 baada ya juhudi za miaka mingi zilizoanzishwa na Rotary Kigali-Virunga, ni jengo la kujivunia. Lakini fundi mwenye mikono ya oili haingii kwenye jengo la vioo kwa urahisi, na nauli ya pikipiki ya watoto watatu ni chakula cha jioni. Majirani zetu wameshapita njia hii. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948, ilipeleka vitabu kwa masanduku hadi mahali pasipo maktaba katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Rwanda, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Kitengesa, kijiji kilicho karibu na Masaka nchini Uganda, kilianza maktaba yake 1999 kwa sanduku la vitabu tu, kwa juhudi za mwalimu Kate Parry na shule ya hapo. Walichofanya baadaye ndicho ninachotaka tukiige: wanafunzi wa sekondari wakaajiriwa maktabani na malipo yakawasaidia karo. Mtoto wa jirani, anayekaa mezani na kuazimisha vitabu, ndiye anayewaambia wenzake kipi ni kizuri. Anajua nani anaishi na nani, na nani husoma lugha gani. Sisi tunahitaji maswali. Yeye ana majibu tayari.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati, ikiwa fedha za mwaka huu ni chache, ni hili. Msinunue vitabu mia vya aina mia. Nunueni kumi, nakala tatu tatu: moja ya maktaba, moja ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa mkono wa mwanafunzi mliyemlipa, na moja ya gereji. Vya Dar es Salaam na Nairobi vinaweza kuletwa na mabasi yanayoishia hapo Nyabugogo, maana hakuna mtaa wa Kigali ulio karibu zaidi na njia ya vitabu vya Kiswahili kuliko huu wenu. Kila kikaratasi kiandikwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili, kiwe na jina la aliyekisoma, na badala ya umri kiseme nani asome na nani asikilize. Ile nakala ya gereji msiifunike nailoni wala msiwatoze faini kwa madoa ya oili. Ikichakaa, nunueni nyingine, na ile iliyochakaa muihesabu kuwa ndiyo iliyosomwa kuliko zote.

Mwenyekiti ameniambia kuna nusu saa ya maswali. Naomba tuitumie hivi: atakayesimama, kabla ya swali lake, ataje kitabu kimoja au hadithi moja anayoipenda, na mtu wa nyumbani kwake ambaye angetaka aisikie. Katibu ana karatasi, ataandika yote. Mama pale nyuma, nimekuona umeinua mkono tangu nilipomtaja bibi. Karibu, mama.